Madoa Meupe Juu ya Minago

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kufuta vumbi. Si vumbi la mezani. Hilo lilikuwa na mtu wake, na alinizidi cheo kwa sababu aliajiriwa kabla yangu. Vumbi langu lilikuwa la kwenye picha. Kila kiangazi ndege ndogo ilipita juu ya msitu wa hifadhi ulio kwenye vilima nyuma ya Minago, ikaupiga picha kutoka juu, ili wakubwa wajue kama miti yao iko salama. Picha zilisafishwa mji mkuu, zikaletwa ofisini kwetu Rumonge ndani ya sanduku, kwenye lori lililorudi kuchukua mawese. Zilifika zikinuka samaki na zimejaa nukta nyeupe, kwa sababu kila chembe ya vumbi iliyokaa kwenye filamu wakati wa kusafisha iliacha alama yake kwenye karatasi. Mimi nilipewa brashi nyembamba na wino uliochanganywa na maji, nikaambiwa nizibe nukta hizo, moja moja, picha zisije zikatia aibu ofisi.

Ilinibidi kwanza nijue vumbi ni lipi na dunia ni ipi. Kwa hilo tulikuwa na chombo kilichoachwa na Wabelgiji, miwani mikubwa yenye miguu minne ya chuma iliyosimama juu ya meza. Kila kipande cha msitu kilipigwa picha mara mbili, ndege ikiwa imesogea kidogo. Unaziweka picha mbili chini ya miwani, unainama, na ghafla vilima vinainuka kutoka kwenye karatasi, mabonde yanazama, miti inasimama. Na kanuni ilikuwa nyepesi: nukta iliyoko kwenye picha moja tu ni vumbi, izibe. Nukta iliyoko kwenye picha zote mbili ni kitu cha kweli, iache. Sijawahi kupewa kanuni nyingine serikalini niliyoielewa vizuri hivyo.

Msitu wenyewe niliukuta tayari ni mgonjwa. Mzungu wa mwisho wa ofisi ile aliona kwenye picha zake madoa meupe juu ya kilima, akayazungushia penseli nyekundu, akaandika pembeni kwamba kuna ugonjwa unaokula ardhi na kuacha mawe matupu. Kisha ukaja uhuru. Bendera ikashuka na nyingine ikapanda, Usumbura ikawa Bujumbura, Mzungu akafunga masanduku yake, na mwenzetu aliyetoka masomoni Ulaya akakaa kwenye kiti chake. Alirithi kiti, ufunguo wa droo, penseli nyekundu na ugonjwa. Penseli ilipoisha aliagiza nyingine. Ugonjwa haukuisha.

Mkubwa huyu wetu mpya sisi tulimwita Daktari wa Miti, nyuma ya mgongo wake, na nadhani angefurahi kama angesikia. Alikuwa amesomea jinsi ya kumpima mgonjwa bila kumgusa. Viatu vyake vilikuwa na ncha kali na soli laini, na havikuwa viatu vya mtu anayetarajia kupanda mlima. Aliketi mezani, akainamia miwani yenye miguu, akasema kilima hiki kina homa, kile kina upungufu wa damu. Kwenye picha zetu za rangi nyeusi na nyeupe, mti wenye majani mengi huonekana mweusi, na mti uliopukutisha majani huonekana kijivu. Ndege ilikuja kiangazi, kwa sababu ndipo mawingu hutupisha. Kiangazi ndipo miti yetu ya kilimani hupukutisha majani yote, kama ilivyofanya tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo kila mwaka Daktari alikuta msitu wake uko mahututi. Mahali pekee palipokuwa peusi na pazuri ni pale ambapo watu walikata miti kwa siri wakapanda michikichi, kwa sababu mchikichi haupukutishi. Pale alikuwa akitabasamu. "Angalia," aliniambia siku moja, akigonga picha kwa kidole, "hapa msitu iko na afya."

Mkamuzi mmoja wa mawese aliyekuwa akiiba ardhi ya serikali kwa miaka alipewa hivyo, bila kujua, cheti cha msitu bora wa kusini mwa Burundi. Mkamuzi huyo alikuwa shemeji yangu.

Sasa nieleze madoa meupe. Mtoto yeyote wa Minago angekueleza, kama ungemuuliza, lakini hakuulizwa. Muhogo wa kwetu mwingi ni mchungu. Wanawake huuloweka kijitoni mpaka ulainike, wanaumenya, kisha wanauanika juani mpaka ukauke, ndipo utwangwe upate unga wa bugari, ugali wetu. Chini ufukweni mwa ziwa kuna mbuzi, kuna kuku, kuna watoto, na mchanga unaingia kwenye muhogo. Zaidi ya hayo mchanga wenyewe una wenyewe, wanaanika ndagala, dagaa wa ziwani. Kwa hiyo wanawake wa Minago walipanda kilimani, ndani ya hifadhi, ambako kuna miamba mipana iliyolala kama meza, karibu na vijito, wakaanika huko. Kiangazi kilipokolea, miamba yote ilikuwa myeupe pe. Huo ndio ulikuwa ugonjwa uliomshinda Mzungu na Daktari wa Miti kwa pamoja.

Mwamba ulio karibu na kona ya kijito ulikuwa wa yaya. Kwetu yaya ni ndugu yako mkubwa, na wangu alikuwa dada, mke wa yule mkamuzi. Alinilea mama alipofariki, akanipiga na akanilisha kwa mkono ule ule. Nilipoajiriwa nilimtafuta kwenye picha kabla sijatafuta kitu kingine chochote. Nilikuta kona ya kijito, na pembeni yake doa jeupe dogo kama punje ya mchele. Nikacheka peke yangu ofisini. Serikali nzima ilikuwa imemzungushia dada yangu penseli nyekundu.

Nilikwenda kumwambia, nikidhani atacheka pia. Yaya hakucheka. Alikuwa anamenya muhogo, na aliendelea kumenya. Nilimweleza kwamba nitamfungua macho mkubwa, nimwambie ukweli, tumalize hadithi hii ya ugonjwa. Hapo aliweka kisu chini.

"Muache aseme iko ugonjwa, mudogo," alisema. "Ugonjwa hakuna mutu anaufunga. Ukimuambia iko muhogo, kesho tunaona polisi."

Alikuwa amesema kweli tupu. Kuanika chochote ndani ya hifadhi kulikatazwa. Kuingia tu kulikatazwa. Madhali mkubwa aliona ugonjwa, wanawake wote wa Minago walikuwa salama. Ujinga wake ndio uliokuwa uzio wao. Basi nikanyamaza, na nilinyamaza kwa furaha kubwa, miaka kadhaa, huku nikimpelekea picha zake safi zisizo na vumbi.

Dawa zikaanza. Kwanza Daktari aliamuru kila doa lizungushiwe uzio wa miiba, ili wanyama wasiongeze madhara kwenye kidonda. Walioajiriwa kujenga uzio walikuwa nani, kama si wanawake wa Minago? Nyani walikuwa adui yao mkubwa. Walishuka mchana kweupe wakala muhogo wa wiki nzima, wakaacha na uchafu wao juu ya mwamba kama shukrani. Sasa serikali iliwalipa wanawake wajenge uzio dhidi ya nyani. Walijenga uzio mzuri ajabu. Kila mmoja aliacha mlango, akaufunga kwa kichaka cha miiba. Yaya alipandisha kutoka ufukweni jiwe jeusi la ziwani, duara na laini, akalitumia kukandamiza kichaka chake kisisukumwe, kwa sababu mawe ya kilimani, alisema, yanachuna mikono. Kila alipoondoka alivuta kichaka, akaweka jiwe, akalijaribu kwa mguu. Nyani wa upande ule walikonda.

Kisha ikaja mikaratusi. Miche ilipandwa kuzunguka kila uzio, ili kuzuia ugonjwa usisambae. Mikaratusi haikuzuia kitu, lakini ilikinga upepo, na vipande vya muhogo havikurushwa tena vichakani. Kiangazi kilichofuata madoa yalikuwa meupe na makubwa kuliko wakati wowote. Daktari alishika kichwa. Alisema ugonjwa umezoea dawa.

Mara moja tu alipanda. Wageni wa kutoka mji mkuu walitaka kuona, akaona aibu kubaki chini. Habari zilifika Minago kabla yake, kama kawaida, na asubuhi ile wanawake walikusanya kila kipande, wakafagia miamba kwa matawi, wakaiosha mpaka ikang'aa. Daktari alifika akihema, viatu vimepasuka ncha, akasimama mbele ya mwamba mtupu uliozungushiwa miiba. Akawaonyesha wageni kwa huzuni. Hata mavumbi hayakubaki, aliwaambia, ugonjwa umekula udongo wote mpaka jiwe. Wageni walitikisa vichwa. Mmoja aliinama akagusa mwamba kwa kidole, akakinusa. Akasema unanuka kitu kilichooza kidogo, na Daktari akajibu kwamba ndiyo, hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Yaya nilipomsimulia hili alicheka mpaka akakaa chini. Ninamkumbuka hivyo kuliko namna nyingine yoyote, amekaa chini kwenye maganda ya muhogo, anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Mwaka wa 1972, mwezi wa nne ukielekea mwisho, kicheko kilikwisha. Walitangulia waasi wenye mapanga, wakafuata askari wenye sare, na hao wa pili walikaa zaidi. Sitaeleza yote; wako wanaoeleza vizuri kuliko mimi, na wako wasiotaka yaelezwe. Nitasema ya nyumbani kwetu tu. Shemeji aliitwa kwenye mkutano pamoja na wanaume wengine wa Minago, akavaa shati safi akaenda, hakurudi. Nilipopata njia ya kufika, nyumba ilikuwa haina paa na yaya hakuwemo, wala hakuwemo miongoni mwa wale tuliowazika. Wengine walisema amevuka ziwa na mtumbwi kutoka Kabonga kwenda upande wa Kigoma. Wengine walinitazama tu, wakasema pole.

Mimi sikuguswa. Daktari wa Miti alisimama mlangoni mwa ofisi akawaambia wenye sare kwamba kijana huyu ni mtu wa picha, hakuna mwingine anayejua kazi yake. Nilimshukuru na nikamchukia siku hiyo hiyo, na mpaka leo sijaweza kuchagua.

Kiangazi kilifika bila kujali, na ndege ikapita. Sijui nani alipata akili ya kupima afya ya miti mwaka ule, lakini sanduku lilikuja. Safari hii halikunuka samaki, kwa sababu samaki hawakuwepo sokoni, wala wauzaji. Niliziba vumbi siku nzima bila kuinua kichwa. Kesho yake mkubwa alizipanga picha chini ya miwani, akainama, na akakaa ameinama muda mrefu. Alipoinuka uso wake uling'aa.

Msitu umepona, alisema. Alinivuta nami nitazame. Miamba yote ilikuwa ya kijivu, mitupu, mmoja baada ya mwingine, pamoja na ule wa kona ya kijito. Hakuna doa. Mashamba yaliyokuwa pembeni yameshika majani. Hakuna njia, hakuna moshi. Miti ilikuwa ya kijivu kama kila kiangazi, lakini kwa kipimo cha madoa, msitu ule ulikuwa na afya ambayo haujawahi kuwa nayo tangu ndege zivumbuliwe. Alisema mikaratusi imefanya kazi. Nilitaka kutapika juu ya viatu vyake vya ncha kali, na ninasikitika kwamba sikufanya hivyo.

Siku ile ile alikuja afisa mwenye sare. Alikuwa amesikia kwamba ofisini kwetu mtu anaweza kuona kilimani bila kupanda, na alitaka kujua kama kuna waliojificha huko. Alisema hivyo bila kushusha sauti, kama mtu anayeulizia bei ya sukari. Daktari alifurahi mno. Miaka yote hiyo hakuna mtu wa maana aliyewahi kuomba picha zake. Alimketisha, akaleta lenzi, akaanza kumweleza jinsi msitu ulivyopona, kilima hadi kilima. Na katika kueleza, lenzi yake ikasimama.

"Hapa iko kitu," alisema.

Ilikuwa nukta nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele, juu kabisa ya kijito, mahali ambapo hakuna mtu wa Minago aliyewahi kufika kwa kazi ya muhogo, maana ni mbali na njia ni mbaya. Afisa aliinama naye. Akauliza ni nini. Daktari, kwa sababu alikuwa mtaalamu na hakutaka kukosea mbele ya mgeni, alimweleza kanuni: kwenye picha moja ni vumbi, kwenye mbili ni kitu. Akaniamuru niitafute picha ya pili, niangalie vizuri, maana ilikuwa saa ya kula, na akamwambia afisa kwamba wakirudi watapata jibu la kisayansi. Wakatoka pamoja.

Niliitafuta picha ya pili nikaziweka zote chini ya miwani. Nukta ilikuwepo kwenye zote. Ziliungana zikawa moja, ikainuka, ikakaa juu ya mwamba mdogo kati ya miti, nyeupe, ya kweli kabisa. Mtu alikuwa anashuka kuchimba muhogo kwenye mashamba yaliyoachwa, akaupandisha, akauloweka, akauanika. Mtu alikuwa hai kule juu na alikuwa na njaa ya kawaida ya kila siku. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Nilitaka picha iseme ni nani. Haikusema, maana kutoka juu muhogo wa dada yako na muhogo wa mgeni ni mweupe sawasawa.

Nikachovya brashi. Nilichanganya wino mpaka ukafanana kabisa na kijivu cha mwamba, nikaizamisha nukta ya picha ya pili. Ya kwanza niliiacha, kwa sababu walikuwa wameshaiona. Kisha nikakaa na kusubiri wino ukauke, na nilipuliza kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

Waliporudi wananuka bia, Daktari aliweka picha zote mbili mbele ya afisa kwa mbwembwe. Akatazama hii, akatazama ile. Kwenye moja ipo, kwenye nyingine haipo. Alimgeukia mgeni akiwa na furaha ya mtu ambaye sayansi yake imemtii.

"Kijana, sema. Iko kitu ao iko vumbi?"

"Iko vumbi, shefu," nikasema.

Aliniamuru niifute pale pale, mgeni aone kazi safi. Nikachovya brashi tena, mbele ya macho ya wote wawili, afisa akipumua begani kwangu, nikaifuta na ile nukta ya picha ya kwanza. Sijui mkono wangu uliupata wapi utulivu ule, na sijawahi kuupata tena. Afisa alizichukua picha akaenda nazo. Daktari alichora ramani ya hifadhi nzima akaipaka kijani, akaitundika ukutani, na baadaye kidogo alipandishwa cheo kwa kuuponya msitu.

Mvua za kwanza ziliponyesha niliomba ruhusa ya kwenda kukagua mikaratusi. Nilipanda peke yangu. Mwamba wa kona ya kijito ulikuwa mtupu, na uzio wake ulikuwa umevunjwa upande mmoja. Miiba yake imeondolewa. Nikafuata kijito kwenda juu, kwa njia mbaya, mpaka nikaukuta mwamba mdogo kati ya miti. Ulikuwa umezungushiwa miiba mikavu. Juu ya mwamba hapakuwa na kipande hata kimoja. Muhogo ulikuwa umekusanywa wote, na mwamba umefagiwa. Na mlango ulikuwa umefungwa. Kichaka kilikuwa kimevutwa kutoka nje, na juu yake, likikikandamiza kisisukumwe na nyani, lilikaa jiwe jeusi la ziwani, duara na laini.

Nilikaa karibu nalo nikalia kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunisikia. Mtu anayekamatwa hafungi mlango. Mlango hufungwa na mtu anayeondoka kwa miguu yake na anayefikiri atarudi. Nililijaribu jiwe kwa mguu, halikutikisika, nikaliacha pale pale, nikashuka.

Tangu mwaka ule, kila kiangazi ndege ilipopita na sanduku likafika, niliomba nianze na picha za kilima kile, zote mbili, na nilizikalia mpaka taa zikawashwa. Daktari wa Miti alinisifu mara nyingi mbele ya wenzangu. Alisema hajawahi kuona kijana anayeupenda msitu kiasi hicho.